Vidonge vya Fundi

Wateja wa Kinyozi hawakuondoka kwa mkupuo. Wangeondoka kwa mkupuo, angejua kuna jambo, angeuliza, angegombana nao, yangeisha. Waliondoka mmojammoja, kila mtu na adabu zake. Mwalimu wa hesabu alianza kuja na mashine yake ya kunyolea, ameiviringisha kwenye taulo, akisema ngozi yake siku hizi haipatani na mashine za watu. Mwenye duka la vioo aliacha nywele ziote mpaka akafanana na mtu aliyetoka kifungoni. Mzee Kipara, ambaye kichwani hakuwa na cha kunyolewa tangu ujana wake na alikuwa akija kwa ajili ya ndevu na gazeti, akaendelea kuja kwa ajili ya gazeti tu.

"Eti anafuga ndevu," Kinyozi alimwambia mkewe, akitua mkoba wake mezani saa tisa mchana, saa ambayo zamani hakuwa na nafasi hata ya kumeza mate. "Mzee mzima, ndevu zinamwasha kutwa kucha, leo anafuga!"

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapiga pindo za sketi za shule. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mumewe naye alimwita hivyo akiwa na furaha. Akiwa na shida alimwita Mama.

"Kwani wanasemaje?" Fundi akauliza.

"Hawasemi, Mama. Wangesema ningewajibu."

Simu iliyokuwa juu ya bunda la vitambaa ikalia. Haikuwa simu ya mtu, ilikuwa kengele. Fundi akainyamazisha, akavuta droo ya cherehani, akatoa kidonge kikubwa cheupe, akakitafuna huku akinyoosha mshono kwa kidole. Kinyozi alimtazama mpaka alipomeza.

"Ndiyo hiyo," akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo wanayosema."

Waliyokuwa wakisema ni haya: Fundi ana ule ugonjwa, ndiyo maana amekonda, ndiyo maana anameza dawa kwa kengele. Na kama Fundi anao, mumewe anao. Na mumewe ndiye huyo anayepitisha wembe shingoni mwa watu. Kinyozi alikuwa akifungua wembe mpya kwa kila kichwa, mbele ya macho ya mwenye kichwa, lakini hofu haijawahi kwenda shule. Aliyaeleza yote hayo huku ameinamia viatu vyake, kana kwamba yeye ndiye aliyeyatunga.

Ukweli ulikuwa mwingine, na waliujua wao wawili na binti yao tu. Miaka miwili nyuma, sukari ikiwa imepanda na magoti yakiwa yamegoma kumbeba, Fundi alifanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza mwili. Alilipia kwa jasho lake mwenyewe, sare za shule za miaka minne. Madaktari walimwachia tumbo la ukubwa wa yai, wakamrukisha sehemu ya utumbo chakula kisipite humo, wakampa na orodha. Madini ya chuma asubuhi. Kalsiamu mara tatu kwa siku, lakini isikaribiane na chuma, maana hao wawili wakikutana tumboni wanazuiana, lazima wapishane kwa saa mbili. Vitamini za mchanganyiko mchana. Sindano ya B12 kila baada ya miezi mitatu. Mpaka lini? Mpaka kufa, alisema muuguzi, tena alilisema akicheka, kama mtu anayetaja siku ya sikukuu.

Watu waliambiwa kwamba Fundi amekwenda kumuuguza shangazi yake. Kinyozi ndiye aliyeipika hiyo, akihofia kuulizwa fedha zimetoka wapi. Lakini Fundi naye hakuikataa, na hapa tusimwonee mwanamume wa watu. Mwili ulipoanza kupungua, sifa zilimnogea. Wanawake walimsimamisha njiani, wakamgeuza huku na huku, wakamuuliza siri. "Natembea tu," alijibu, "na sukari nimeiacha." Wanawake sita wa mtaa wakaamka alfajiri kutembea kwa sababu yake, wakiongozwa na wifi yake. Walitembea miezi minne, wakapungua viatu tu. Mtu akihangaika bure hatafuti kosa kwake. Kama si kutembea kulikomkondesha Fundi, basi kuna kingine.

Wifi ndiye aliyekiona hicho kingine. Alikuja kurudisha pasi, akakuta vidonge vitano vimepangwa mstari pembeni ya kikombe.

* * *

Wifi alikaa nyumba inayotazamana na yao, akiuza ndoo na mabeseni ya plastiki barazani. Fundi alimfuata kesho yake, akamkuta anafuta vumbi.

"Wifi, umewaambia nini watu?"

"Mimi?" Wifi aliweka beseni chini taratibu. "Mimi nimesema unakunywa dawa kwa kengele. Ni uongo?"

"Ni vitamini."

"Vitamini za kengele."

"Ndiyo, za kengele."

"Wifi, mimi si mtoto mdogo, na wala sikulaumu. Watu wanaishi nayo siku hizi, wanazeeka, wanazikwa na wajukuu zao. Ila mngetuambia. Kaka yangu ananyoa watu."

Maneno yalimjaa Fundi kinywani: nilipasuliwa, tumbo langu dogo kuliko la mwanao, vidonge hivi ndivyo vinavyonishikilia. Lakini nyuma ya Wifi, kwenye ngazi ya baraza, kulikuwa na raba zake zilizochakaa kwa kutembea miezi minne. Angesemaje sasa? Kwamba aliwadanganya wote sita, akawaacha wanajikwaa gizani huku yeye akikusanya hongera?

"Mimi natembea tu, wifi," akasema.

"Na mimi nimetembea," Wifi akajibu, akaokota beseni lake.

* * *

Kinyozi hakumwamuru mkewe aache vidonge. Angemwamuru, Fundi angekataa, maana alikuwa mwanamke wa kauli yake. Alimwomba, na aliomba vizuri, baada ya chakula, binti akiwa anaosha vyombo nje.

"Si kuacha moja kwa moja, Mama. Mpaka maneno yapoe."

"Daktari alisema kila siku."

"Daktari hanyoi watu." Akavuta kiti karibu. "Hebu jitazame. Sukari imeshuka. Magoti mazima. Unapanda ngazi unaniacha nyuma. Mtu aliyepona anakunywa dawa ya nini?"

Fundi alijitazama, na kweli alikuwa mzima. Hilo ndilo lililomponza. Angekuwa mgonjwa kidogo siku ile, angebisha.

"Na sindano je?"

"Pale zahanati anafagia mtoto wa jirani. Ukiingia leo, kesho mtaa una habari umechomwa wapi."

Fundi akazima kengele zote. Chupa akazifunga kwenye mfuko, akazisukuma chini ya mabaki ya vitambaa. Alifanya hivyo kwa ajili ya mumewe na kwa ajili ya sufuria, na kwa sehemu, aseme kweli, alifanya kwa sababu alichoka kuwa mtu mwenye kengele.

Hakuna kilichotokea. Wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, mwezi wa tano, hakuna. Ubaya wa jambo hili uko hapo hapo. Pombe ikizidi utatapika, deni likizidi utagongewa mlango, lakini mwili ukikosa vitamini hula akiba yake kimyakimya, na mwenye mwili huendelea kucheka na watu. Fundi aliona hata nafuu: fedha ya vidonge ilinunua viatu vya binti.

Kisha akaanza kutamani barafu. Si maji baridi, barafu yenyewe. Aliweka bakuli pembeni ya cherehani, akitafuna kutwa nzima, na wateja wakamtania kwamba huyo ni mtoto wa uzeeni anakuja. Naye akacheka. Ulimi ukawa laini na mwekundu, ukawaka hata kwa chai ya vuguvugu. Akabadili chai. Alipochoka, akasema ni umri. Siku moja akitoka kununua uzi alisikia mtu nyuma anaita, "Mama! Wee mama! Kiatu chako!" Akageuka. Ndala yake ya kushoto ilikuwa imelala katikati ya njia, hatua ishirini nyuma, na yeye alikuwa amekanyaga kokoto hatua zote hizo bila kujua mguu uko peku. Waliokuwa pale wakaangua kicheko. Fundi alicheka kuliko wote, akarudi kuichukua, na alipofika nyumbani akajifungia chumbani, akachukua pini na kujichoma unyayo. Akachoma tena. Akatazama damu ikitoka kwenye mguu ambao ungeweza kuwa wa mtu mwingine.

"Miguu inakufa ganzi," alimwambia mumewe.

"Ni kukaa sana kwenye cherehani."

"Nataka nianze tena vidonge vyangu, Baba."

Kinyozi akahesabu kwa vidole. "Wiki hii wamerudi wawili," akasema. "Yule wa vioo amerudi. Mama, subiri kidogo tu. Kidogo tu."

Alisubiri. Kinyozi hakuwa mtu mbaya, na maneno yake hayakuwa ya mtu mbaya, ndiyo maana yalimshinda kuyakataa.

* * *

Mwaka ulipita na zaidi. Kazi kubwa ya mwaka ilikuwa blauzi za sare za shule ya wasichana, nyeupe, kola ya duara, mia moja na ishirini. Fundi alikuwa akizishona kwa mwaka wa saba, na angeweza kuzishona amesinzia.

Binti aliporudi kutoka bombani alimkuta mama yake ameinama, mashine inanguruma, na kwenye kitambaa cheupe mbele yake kuna madoa mekundu yanayofuatana, moja, jingine, jingine, kama vifungo.

"Mama! Kidole!"

"Kidole gani?"

"Mama, acha kukanyaga!"

Sindano ilikuwa imepita kwenye ncha ya kidole cha shahada, ikatoka, ikapita tena. Fundi aliinua mkono akautazama. Hakupiga kelele, kwa sababu hakukuwa na maumivu ya kupigia kelele, na binti ndiye aliyelia. Alilia kwa kwikwi huku akimfunga mama yake kipande cha kitambaa. Fundi alimbembeleza kwa mkono mwingine, na huo nao, aligundua pale pale, haukuwa ukisikia vizuri nywele za mtoto.

Mwalimu aliyeshughulikia sare alikuja Ijumaa. Alikuwa mwanamke wa heshima, mteja wa siku nyingi. Alifungua bunda, akainua blauzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mishono ilikwenda kama njia ya mlevi. Kola moja ilikuwa na doa lililofuliwa likabaki rangi ya kutu.

"Fundi," akasema, "naomba nikuulize kama dada yako, usinichukie."

"Uliza."

"Umeanza kunywa?"

Wateja wengine wawili walikuwa mlangoni. Mmoja akatazama dari.

"Sinywi, mwalimu."

"Maana juzi nilikuona sokoni. Ulikuwa unashika kuta."

"Ni miguu."

"Sawa, ni miguu." Mwalimu alikuwa akifunga bunda tena, pamoja na vitambaa ambavyo havijakatwa. "Shule inafunguliwa wiki ijayo, ndugu yangu. Sina la kufanya. Hizi nitampelekea fundi wa kule stendi, azifumue. Usilipe kitambaa kilichoharibika, tumetoka mbali."

Huko kutolipishwa ndiko kulikomuuma. Angelipishwa, wangekuwa wamegombana kama wafanyabiashara.

* * *

Jumatatu yake Kinyozi alifunga duka. Hakuwahi kufunga duka hata siku ya msiba wa jirani.

"Vaa, Mama," akasema. "Twende hospitali."

Fundi alivaa gauni lake zuri. Njiani mumewe alimshika kiwiko, naye akawa anapanga kichwani yote ya kumwambia daktari, asisahau hata moja: miguu, vidole, ulimi, barafu, kizunguzungu. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Alifikiri, kumbe ananiona.

Kinyozi hakwenda kwenye foleni ya madaktari. Alipita moja kwa moja hadi dirisha la maabara.

"Vipimo vya virusi," akasema. "Watu wawili. Na tunataka karatasi yenye muhuri."

"Karatasi ya kupeleka wapi?" mhudumu akauliza.

"Ya kuonyesha."

"Kumwonyesha nani?"

"Watu."

Muuguzi wa ushauri aliwaingiza chumbani, akamgeukia Fundi. "Mama, wewe umekubali kwa hiari yako?" Fundi alimtazama mumewe, aliyekuwa ameshakunja mkono wa shati. Akasema ndiyo. Baada ya saa moja wakapewa majibu, wote wawili hawana kitu, na Kinyozi akabusu karatasi kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja.

"Na miguu?" Fundi akauliza walipotoka nje.

"Miguu tutakuja nayo siku nyingine. Foleni ya daktari si umeiona?"

Alisema hivyo huku amemshika kiwiko, maana bila kushikwa asingeshuka zile ngazi.

Kesho yake karatasi ilikuwa kwenye kioo cha duka, imetiwa kwenye nailoni, imebandikwa kwa gundi pembe zote nne, palepale mteja anapotazama uso wake. Jina lote la Fundi, umri wake, namba ya kadi, muhuri wa bluu. Mzee Kipara aliisoma kwa sauti kama alivyozoea kusoma gazeti, akaisoma mara ya pili kwa waliochelewa, kisha akakaa kwenye kiti na kuinua kidevu. "Toa hizi," akasema. "Zinaniwasha mno."

Binti ndiye aliyeleta habari nyumbani. Alisimama mlangoni na begi mgongoni. "Mama, jina lako liko kwenye kioo cha baba. Wenzangu wamelisoma."

Na Wifi alivuka njia kuja kupongeza. "Hongera, wifi! Umesafishika!" Alimkumbatia, akamwachia, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Sasa kama si hivyo, mbona umekonda?"

* * *

Wiki hiyo hiyo Fundi alikuwa akinawa uso. Alipaka sabuni, akafumba macho, na dunia ikaondoka chini yake. Miguu iliyokuwa haisikii sakafu ilikuwa ikisimama kwa msaada wa macho tu, na macho yalipofumba haikujua tena pa kusimama. Alianguka na beseni lake, akapasua paji la uso kwenye ukingo wa mlango.

Binti hakumwita baba kwanza. Alifukua chini ya mabaki ya vitambaa, akatoa mfuko wa chupa, akapiga namba iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ndipo akampigia baba yake. Kinyozi alifika kliniki na nywele za mteja kwenye mikono ya shati.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka. Alimsimamisha Fundi miguu pamoja, akamwambia afumbe macho, akamdaka kabla hajaanguka. Alimgusa vidole kwa pamba, kimoja kimoja. "Unasikia? Hapa je? Hapa?" Kisha akakaa.

"Sindano ya mwisho ulichoma lini?"

"Mwaka jana. Mwanzoni."

"Na vidonge?"

"Tangu wakati huo."

"Nani alikuambia uache?"

Kinyozi aliokota unywele kwenye shati lake, akatafuta pa kuuweka, hakuona, akaushika mkononi. Binti alimtazama baba yake bila kupepesa.

"Nilisahau," Fundi akasema.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Lakini alikuwa anakula, daktari," Kinyozi akaingilia. "Kwangu hapana njaa. Nyama, maini, mayai, kila kitu anapewa."

"Baba, hata akila ng'ombe mzima. Tumbo tulilomwachia na utumbo tuliourukisha haviwezi kuzitoa vitamini hizo kwenye chakula. Nyama inapita tu. Vidonge na sindano si dawa za ugonjwa wowote, ndicho chakula chenyewe. Kuviacha ni kushinda na njaa, tofauti ni kwamba tumbo halingurumi."

Fundi akanyoosha mikono yake juu ya meza, viganja juu. "Itarudi?"

Daktari alivishika vidole vyake, akavikunjua kimoja kimoja.

"Damu itapanda. Ulimi utapona, uchovu utaisha. Miguu nina matumaini nayo kiasi. Mikono… Neva zikikaa na njaa muda mrefu hivi, nyingine huamka na nyingine haziamki. Ungekuja ulipoanza kusikia ganzi ningekuahidi. Leo siwezi kukuahidi."

"Mimi ni fundi wa kushona," Fundi akasema, kama vile daktari angebadili jibu akijua.

Wakarudi, binti akitangulia na mfuko wa chupa.

"Ungemwambia tu," Kinyozi akasema.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ni mimi."

"Ungefurahi?"

Kinyozi alitembea hatua kadhaa. "Tungekula nini, Mama? Niambie. Duka lilikuwa linakufa."

"Mikono hii nayo ilikuwa inatulisha," Fundi akasema, na hapo ndipo alipolia, katikati ya njia, watu wakipita. Alilia kwa hasira zaidi ya huzuni, hasira kwa mumewe, na kwa Wifi, na kwa wanawake sita, na kwa yule mwanamke aliyekuwa akizungushwa njiani akisema natembea tu, natembea tu.

* * *

Walimchoma sindano kila baada ya siku moja, kisha kila wiki, kisha kila mwezi. Hamu ya barafu ilimtoka. Miguu ilianza kusikia sakafu kwa mbali, kama mtu anayegusa kitu akiwa amevaa soksi, na kwa fimbo aliweza kufika bombani na kurudi. Vidole havikuamka. Alipata kushika kikombe kwa viganja viwili. Uzi hakuuona tena ukiingia kwenye tundu la sindano, si kwa sababu ya macho. Cherehani ikakaa imefunikwa shuka miezi mitatu, halafu ikanunuliwa na yule fundi wa stendi, aliyehitaji ya pili kwa ajili ya kazi ya shule.

Duka la Kinyozi lilijaa. Aliongeza kiti. Sasa alikuwa akiwasimulia wateja habari za upasuaji yeye mwenyewe, kwa kina, mpaka na ukubwa wa yai, na watu wakaguna na kumhurumia. Vidonge vilikaa hadharani juu ya meza, karibu na sukari. Kila asubuhi kabla ya kutoka alimfungulia mkewe chupa, maana vifuniko vyake vilikuwa vya kukandamiza kwanza ndipo uzungushe, vimetengenezwa makusudi ili mkono dhaifu usiweze. Alifanya hivyo bila kukosa na bila kusema neno, na Fundi alimshukuru bila kumtazama.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa, watoto wa mtaa mzima wakihitaji kunyolewa, Kinyozi alitoka kabla chai haijachemka. Binti naye alikuwa amekwenda kuchukua vitabu. Saa ya kidonge ikafika, na chupa imefungwa.

Fundi aliikandamiza kwa kiganja, ikateleza. Aliibana kati ya magoti, akazungusha kwa viganja vyote viwili, kifuniko kikazunguka bure kikitoa sauti ya kaka-kaka. Alijaribu kwa meno. Akaipiga ukingoni mwa meza, ikadunda, ikaviringika hadi chini ya kabati, akapiga magoti kuitoa kwa fimbo. Alikaa sakafuni akiitazama. Aliwahi kufumua gauni zima la harusi na kulishona upya kwa siku moja.

Akaibana chupa kwapani, akatoka nje. Bombani kulikuwa na wanawake saba wanane na ndoo zao. Wifi alikuwa barazani akipanga mabeseni.

"Wifi," Fundi akaita kwa sauti, "nifungulie hii."

Wifi aliiona chupa, akatazama bombani, akashusha sauti. "Ingia ndani basi, watu wanaona."

"Nifungulie hapa hapa."

Wifi alipokea, akakandamiza, akazungusha. Ilifunguka mara moja, kazi ya mtoto. Akachungulia ndani.

"Ngapi?"

"Viwili."

Wifi akavimimina kwenye kiganja, akamnyooshea. Fundi aliinua mkono wake, vidole vikaja vimekunjana kila kimoja na njia yake, vikasukuma kidonge kimoja kikaanguka vumbini. Akaushusha mkono. Akafungua mdomo, akasubiri.

Bombani wote waligeuka kutazama. Wifi alisimama na kidonge kilichobaki kiganjani, kisha akamwekea juu ya ulimi, akatoa kingine kwenye chupa, akamwekea na hicho.

"Nisamehe, wifi," akasema kwa sauti ndogo.

Fundi alikuwa bado anatafuna.